MKONO WA LUSUNGU: Mama Aliyeketi Nyuma ya Vijiti

Mpira ulidondoka.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu, na najua wengine wenu mmenilaumu siku saba nzima. Mpira mwekundu ulichomoka katika vidole vya Lusungu Mbonile, ukagonga jamvi, ukabingirika mpaka miguuni mwa mwamuzi, ukatulia. Vidole vile havikuwa vimedondosha kitu tangu timu ya taifa ivijue.

Wewe uliyekosa gazeti, nikuweke sawa kwa pumzi moja. Tupo Tunduma, mwezi wa nane, mwaka 1976. Tanzania na Zambia wanacheza kriketi kwenye uwanja wa shule, juu ya jamvi refu la katani. Ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, inarushwa. Imebaki mipira mitatu tu. Zambia wanataka mikimbio minne washinde, na wakitolewa wapigaji wao wawili zaidi, wamekwisha. Anayerusha ni Lusungu, kijana wa Ibaba, milimani Ileje, mtu aliyeikuta timu ikichekwa akaifanya iogopwe.

Na nyuma ya vijiti vitatu anavyopaswa kuvilenga, sawia kabisa na macho yake, ameketi mama mkwe wake.

Mwamuzi aliokota mpira, akaupangusa vumbi, akamrudishia.

"Umeumia kidole?"

"Hapana."

"Basi rusha."

Lusungu hakurusha. Aligeuka akatazama barabarani, malori yalikopanga foleni kuelekea mpakani, akayatazama kama mtu anayeyahesabu.

Makame akaja mbio. Makame ndiye kapteni, mtu wa Unguja, na ndiye mlinda wiketi: kazi yake ni kuchuchumaa nyuma ya vijiti na kudaka kila kinachompita mpigaji.

"Kuna nini yakhe? Watu wanasubiri."

"Kaka Makame, siwezi kurusha upande ule."

"Upande huo huo umerusha mipira mitatu sasa hivi."

"Alikuwa hajafika."

"Nani?"

Jina la mama yule lilikuwa Ketrina, na Lusungu hakuwa na ruhusa ya kulitia mdomoni.

"Mama mzaa Enesi," alisema mwishowe.

Makame akageuza shingo.

"Usimtazame hivyo."

"Sasa nitamjuaje bila kumtazama?"

"Mwenye kilemba cheusi. Kando ya yule mama wa maandazi."

Makame alimwona. Mama mnene kidogo, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, hacheki, hapigi soga. Kwenye safu nzima ya kina mama waliopangwa nyuma ya mstari wa chokaa, ni yeye pekee aliyekaa kama yuko barazani kwa hakimu.

"Kakaa tu," Makame akasema. "Hana panga, hana gongo."

"Ni mama mkwe wangu."

"Mimi mama mkwe wangu kule Mkokotoni ananichambulia dagaa huku ananitukana. Mama mkwe ndiyo kitu gani hata mtu ashindwe kutupa mpira?"

"Sijaingizwa, Kaka."

Makame hakuelewa. Angeelewaje? Pale uwanjani walikuwa wachezaji kumi na mmoja waliovaa nyeupe, na kumi kati yao neno lile halikuwaambia kitu.

Lakini wewe msomaji nikueleze. Kwa kina Enesi, mke wa Lusungu, kule Msangano, mwanamume akioa hamtazami usoni mama wa mkewe. Haongei naye. Akimkuta njiani anaingia porini mpaka apite. Anaishi hivyo, kama mwizi katika ukoo wake mwenyewe, mpaka siku mama huyo atakapompikia. Siku hiyo huitwa, huingizwa ndani mbele ya watu, hula alichopikiwa, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo, kusimama umemkabili mama wa watu, ukamwinulia mkono na kuvurumisha kitu kuelekea aliko? Sijui hata tusi lake linaitwaje. Nadhani hakuna aliyewahi kulihitaji.

Na Lusungu alikuwa amepikiwa. Hapo ndipo penye kidonda.

Alipikiwa mwezi wa nne. Siku aliambiwa, na ruhusa ya kusafiri alipewa, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha Uganda wakaja Dar es Salaam, na Bwana Yahaya, meneja wa timu, akamshika bega akamwambia, "Mchezo mmoja tu zaidi, Ndugu Mbonile. Taifa linakutazama." Lusungu akabaki. Siku ile aliwatoa wapigaji saba wa Uganda. Watu walimbeba. Huko Msangano vyungu vilikaa mekoni mpaka jua likazama, na wageni wakawa wanatazamana.

Alimwandikia Enesi barua tatu za kuomba radhi. Enesi, aliyejifunza kusoma ukubwani kwenye darasa la kisomo, alijibu kwa mstari mmoja wenye herufi kubwa zilizopinda:

Chakula kimeliwa na wengine.

Kisha alifunga chumba chao cha kupanga pale Mlowo, akaacha ufunguo kwa jirani, akarudi kwa mama yake.

"Mnazungumza nini hapo?"

Huyo alikuwa Yahaya mwenyewe. Alikuwa ameingia uwanjani bila kuitwa, suti yake ya Kaunda imenyooshwa pasi hadi mikunjo inakata, uso umemvimba.

"Mrushaji ana udhuru," Makame akasema.

"Udhuru gani?"

"Wa kwao."

"Wa kwao." Yahaya alimsogelea Lusungu mpaka viatu vyao vikakaribia kugusana. "Leo asubuhi ulikuwa Nakonde. Usibishe, umeonekana. Ulivuka mpaka peke yako, ukasimama sokoni na Wazambia, ukazungumza nao."

"Nilikwenda kumtafuta mke wangu. Niliambiwa ameonekana huko."

"Mkeo yuko timu ya Zambia?"

Wachezaji waliokuwa karibu walicheka. Hamis, mrushaji mwenzake, alicheka kuliko wote, halafu alipoona uso wa Lusungu akajifanya anakohoa.

"Mtoe," Yahaya akamwambia Makame. "Aingie Hamis amalizie ova."

"Sheria hairuhusu. Mpaka mrushaji aumie."

"Basi aumie."

"Bwana Yahaya, toka uwanjani," Makame akasema taratibu. "Tafadhali. Mwamuzi anakuandika."

Yahaya alitoka, lakini alitoka kinyumenyume, kidole kimemwelekea Lusungu. "Nikipoteza mchezo huu, najua ripoti yangu itaanza na jina la nani."

Lusungu alibaki na mpira.

Nani wa kumwambia? Nataka ujue jinsi mtu anavyoweza kuwa peke yake katikati ya watu elfu mbili. Kabla yake timu hii ilikuwa imepigwa mara kumi na moja mfululizo. Ilikuwa ikisafiri kama mgeni anayejua atalala njaa. Wachezaji walichelewa mazoezini, wengine walikuja na visingizio vya harusi na misiba. Mpira ukipita, waliusindikiza kwa macho.

Akaja kijana mmoja aliyekulia kwenye mpini wa mashine ya kumenyea kahawa, mwaka baada ya mwaka, akizungusha kiganja tangu asubuhi mpaka jioni. Makame, aliyekuwa karani wa kahawa pale Mlowo, ndiye aliyekiona kiganja kile na kukifundisha, nyuma ya ghala, miaka miwili, mtu na mtu. Mpira wa Lusungu haukuwa na kasi. Ulikwenda polepole, ukaanguka mbele ya mpigaji, kisha ukageuka kana kwamba umesahau kitu nyumbani.

Mkimbio mmoja ukaanza kuwa na thamani. Wachezaji wakaanza kujitupa chini kuuokoa. Hamis, aliyekuwa mchelewaji wa wachelewaji, akawa wa kwanza kufika mazoezini. Michezo tisa, wameshinda sita.

Waliupenda mkono ule, msomaji. Mwenye mkono hakuna aliyemuuliza amelalaje. Bwenini Dar es Salaam walicheka kwa lugha zao za mtaani, yeye akakaa kitandani akizungusha chungwa kwenye vidole mpaka linalainika. Siku alipopata barua ya mstari mmoja alimwonyesha Makame peke yake. Makame aliisoma, akampigapiga mgongoni, akamwambia wanawake hupoa.

"Rusha," mwamuzi akasema. "Sitasema tena."

Lusungu alishuka hatua zake tano za taratibu. Alipofika kwenye mstari aliinamisha uso upande, asimwone mama, akauachia mpira.

Ulikwenda pembeni sana hata mpigaji hakuinua gongo lake. Makame aliruka kama paka akauzuia.

Mwamuzi alitandaza mikono yake yote miwili. Mpira umekwenda kombo. Mkimbio mmoja wa bure kwa Zambia, na mpira urushwe upya.

Sasa walitaka mitatu. Upande wa wageni ngoma zikaanza. Upande wetu mtu mmoja akasema, bila hata kupaza sauti, "Kanunuliwa huyo," na maneno yakatembea kutoka mdomo hadi mdomo mpaka yakazunguka uwanja mzima na kumfikia mwenyewe.

Makame aliinua mkono, akadai kamba ya kinga yake ya mguu imelegea. Mwamuzi akampa dakika moja. Badala ya kuinama kufunga kamba, kapteni wa Tanzania alikimbia hadi kwenye mstari wa chokaa, akachuchumaa mbele ya mama mwenye kilemba cheusi.

Lusungu aliona kwa pembe ya jicho.

Makame alirudi anahema.

"Nimemwomba kwa adabu zote ahamie pale kwenye kivuli cha darasa."

"Ulimwambia nani amekutuma?"

"Si wewe?"

Lusungu alifumba macho. Kwa watu wa huku ujumbe wa mkwe hauchukuliwi na yeyote anayepita. Una mtu wake, una siku yake, na kamwe haumwambii mama wa watu ainuke alipokaa.

"Akasemaje?"

"Kasema hakuja kukuona wewe." Makame alijikuna shingo. "Kasema amekuja kukiona kitu kilichokuzuia kula chakula chake."

Upepo wa Tunduma ulipita na vumbi lake.

"Na kuondoka je?"

"Haondoki. Yule wa maandazi, Mwajuma sijui nani, naye kamuunga mkono. Kaniambia niondoke mimi, nawazibia."

Kama si hali ile, Lusungu angecheka. Mama yule hakuwa amekuja kumwaibisha. Alikuwa ametoka Msangano juu ya lori, safari ya saa nyingi, kumpima mshindani wake. Alitaka kuona ni kitu gani hicho kilichoshinda vyungu vyake. Je, aone mpira uliokwenda kombo? Aone kwamba binti yake aliachwa kwa ajili ya upuuzi?

"Rudi nyuma ya vijiti," Lusungu alimwambia kapteni wake.

"Utafanyaje?"

"Nitamrushia."

"Bila kutazama?"

"Mashine ya kahawa sikuitazama pia."

Akashuka. Hatua ya kwanza, ya pili. Aliinamisha kichwa moja kwa moja chini, kidevu kifuani, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Hakuona vijiti. Hakuona mpigaji. Aliona ncha za viatu vyake vyeupe na nyuzi za katani, na aliuacha mkono uende zake wenyewe.

Akasikia mpira ukianguka kwenye jamvi. Akasikia gongo likipita hewani. Kisha akasikia mlio mdogo mkavu, tak, mpira juu ya kijiti.

Uwanja ukalipuka. Hakuinua uso. Miguu ilipita mbele yake ikitoka uwanjani, viatu vya Mzambia aliyetolewa, na sauti ikasema kwa heshima ya kwao, "Umenipata, mukwai."

Amebaki mpigaji mmoja wa kutolewa. Mipira miwili. Mikimbio mitatu.

Mpigaji wa mwisho akaingia, kijana mrefu asiye na haraka. Lusungu alirusha, kidevu kifuani. Safari hii alisikia gongo likiugonga mpira, halafu miguu ikikimbia, halafu kishindo cha mwili ukianguka ardhini. Alikuwa Hamis, amejitupa kifudifudi na kuuzuia mpira kwa kifua. Wazambia walikimbia mara moja, wakataka kukimbia ya pili, wakaona mpira uko mkononi mwa Hamis, wakarudi.

Wanataka miwili. Mpira umebaki mmoja. Na kwa kuwa wamebadilishana upande, anayekabili sasa ni mwenzake yule mrefu.

"Kaka Makame," Lusungu akaita akiwa bado anatazama chini. "Anasimama vipi?"

"Anatoka mbele. Ana njaa huyu. Anataka kuupiga mpaka forodhani."

"Basi kaa karibu na vijiti."

Alishuka polepole kuliko siku zote. Mpira aliuachia juu, mwepesi, mpira ambao hata mtoto angedhani anaweza kuupiga. Akasikia hatua za mpigaji zikitoka mbele, moja, mbili, tatu, zikiufuata mpira alipodhani upo. Akasikia gongo likikata upepo mtupu.

Kisha hakusikia kitu, sekunde nzima.

Kisha tak.

Makame aliudaka mpira na kuvigonga vijiti huku mpigaji yuko nje, hatua tatu mbali na kwake, anajaribu kugeuka. Tanzania imeshinda kwa mkimbio mmoja. Watu elfu mbili waliona. Lusungu Mbonile alikuwa mtu pekee uwanjani ambaye hakuuona ushindi ule.

Walimwinua. Walimbeba mabegani, wale wale waliosema amenunuliwa. Yahaya alikuwa akimshika mguu na kupiga kelele, "Ndugu yetu huyu, ndugu yetu." Lusungu alikaa juu ya mabega yao, kichwa kimeinama. Walidhani analia kwa furaha. Alikuwa anangoja tu wamgeuze upande mwingine ili aweze kuinua shingo.

Walipomgeuza, kwa mbali, aliona kwa pembe ya jicho mambo mawili. Mama mkwe wake amesimama. Na mbele yake amesimama Makame, kofia mkononi, anasikiliza. Mama alisema kwa muda. Aliinua kidole kimoja, akakishusha. Kisha alijifunga upya khanga yake kiunoni, akaondoka kuelekea yalipo malori.

Basi la timu liliwashwa saa kumi. Lilikuwa livuke mpaka jioni ile ile, lipite Nakonde, lisafiri hadi Lusaka, kwa mchezo wa marudiano kesho kutwa. Wachezaji walikuwa wamekwisha panda, wanaimba. Lusungu alimsubiri Makame mlangoni.

"Alikwambia nini?"

"Nani?"

"Kaka."

Makame alitengeneza begi lake begani. "Alisema umecheza vizuri. Kakupongeza sana. Alisema kawasalimu wote, na safari njema."

Oh, Makame. Unguja ungeweza kusema hivyo ukaaminika. Ungesema hivyo Dar es Salaam, ungeaminika. Lakini mama ambaye hajakuingiza ndani hakutumii pongezi. Hakutumii salamu. Hakutakii safari njema wala mbaya. Angefungua mdomo wake kwa jambo moja tu.

Lusungu alimtazama mtu yule aliyemfundisha kushika mpira, rafiki yake mmoja katika timu nzima, na akahisi upweke wa bwenini umemfuata mpaka Tunduma.

"Alitaja siku gani, Kapteni?"

Hakusema Kaka. Makame aliisikia tofauti hiyo, na uso wake ukashuka.

"Kesho," akasema. "Jua likifika utosini. Anapika tena."

"Akasema nini kingine?"

"Lusungu, sikiliza. Kesho kutwa Lusaka. Bila wewe sisi ni ile ile timu ya zamani. Umemwona Hamis leo? Yule angejitupa chini kwa ajili ya nani mwingine? Usipokwenda..."

"Akasema nini kingine?"

Makame alivuta pumzi. "Kasema amekiona. Kasema si pombe, si mwanamke, si uvivu. Ingekuwa pombe angejua la kumwambia binti yake. Sasa hajui. Na kasema yeye hapiki mara ya tatu."

Honi ya basi ililia. Yahaya alitoa kichwa dirishani. "Ndugu Mbonile, panda. Karatasi zako za safari ninazo mimi. Usipopanda sasa, usihangaike kunifuata kesho."

Lusungu alilitazama basi. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, na hapo ndipo alipoona shida ilipokuwa kweli.

Gari linalokwenda Msangano lilikuwa moja tu jioni ile, lori bovu la kubebea mahindi, linarudi na magunia matupu. Turubai limefunika nyuma yake. Na juu ya magunia yale, tayari, alikuwa amepanda mama mkwe wake.

Mkwe ambaye hajaingizwa hawezi kuketi na mama yule chini ya turubai moja. Ili akale chakula cha kesho alihitaji lori, na mwenye chakula ndiye aliyekuwa ndani ya lori. Kwa miguu ni usiku kucha na nusu ya siku, na jua halingoji mtu.

"Unaona?" Makame akasema kwa upole. "Hata njia haipo. Panda basi, mdogo wangu."

Lusungu alivua kofia ya timu. Akamshikisha Makame mkononi. Kisha akavuka barabara kati ya malori, na nguo zake nyeupe na viatu vyake vyeupe, akaishika njia ya Msangano kwa miguu. Nyuma yake wimbo wa wachezaji ulikatika sauti moja moja, kama watu wanaozimiwa taa. Hakuna aliyemwita. Kumwita kungetaka mtu aliyemjua.

Lori lilimpita baada ya nyumba ya mwisho. Alifanya kama alivyopaswa: alitoka njiani, akaingia kwenye majani makavu, akageuza uso mpaka vumbi lipite.

Vumbi halikupita. Lori lilikuwa limesimama.

Alisubiri. Injini ilinguruma pale pale. Ndipo alipothubutu kutazama, jicho moja, kwa chini.

Ndani ya lori, toka chuma hadi chuma, kulikuwa na mtu aliyekuwa anafunga khanga. Mikono miwili minene ilikaza fundo upande huu, ikakaza fundo upande ule. Khanga ilining'inia katikati kama ukuta, ikaligawa lori vyumba viwili: huko mbele kwa wenyewe, huku nyuma nafasi ya mtu mmoja, gunia moja tupu limekunjwa liwe kiti.

Mama mkwe hasemi na mkwe wake. Lakini lori lilisubiri.

Lusungu alikaribia. Nyuma yake, mbali, honi ya basi ililia tena, ndefu. Akashika ubao wa nyuma wa lori kwa mkono ule ule ambao taifa zima lilikuwa linaushangilia, akainua mguu.

"Usipande."

Sauti ilitoka nyuma ya khanga. Haikuwa ya mama. Alikuwa hajaisikia kwa miezi minne, na angeitambua hata katikati ya uwanja uliojaa.

"Usipande, Lusungu," Enesi akasema. "Mama amekusamehe. Mimi bado."